Aliyejitoa kwenye tripu ya bibi harusi hajasaliti mtu, mrudishieni hela yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongee na mabinti wa mjini, na mama zao pia wasikie, maana hili jambo limekua na linaumiza watu kimyakimya. Nazungumzia hizi safari za kumuaga bibi harusi, zile za wasichana watupu kwenda Zanzibar au Mombasa, wenye uwezo zaidi wanafika mpaka Dubai, wiki chache kabla ya ndoa. Mtu anaulizwa kwenye grupu la WhatsApp "upo?" anajibu "nipo mamii", bei inakuja baadae, na akija kusema jamani mi sitaweza anageuzwa adui wa harusi. Mimi nasema hivi, aliyejitoa mapema na akasema ukweli wake hajamkosea mtu. Anachodaiwa ni kile ambacho kimeshatumika kwa ajili yake, basi, na kama nafasi yake imechukuliwa na mtu mwingine aliyelipa kamili basi hata hicho hadaiwi, arudishiwe hela yake.

Mimi ni fundi wa nguo za kike hapa Tabata. Sare za kichenpati, za sendofu, za harusi zote zinapita kwenye meza yangu, na siku hizi kuna sare za tripu, ambazo sio moja, ni nne mpaka tano, kuna ya kupandia boti, kuna ya ufukweni, kuna ya chakula cha usiku, kuna ya kulalia yenye jina mgongoni, na bibi harusi yeye avae nyeupe wengine rangi moja. Mteja akisimama kupimwa huwa anaongea, tena anaongea mambo ambayo hata dada yake wa tumbo moja hajamwambia. Kwahiyo najua nani kakopa, nani kauza simu, nani kamdanganya mume kwamba ni semina ya kazini. Sitaji mtu. Ila yamenijaa na nimeona niyaseme.

Yuko binti mmoja mteja wangu wa siku nyingi, anafanya kazi duka la dawa, mshahara wake ni laki nne na nusu kwa mwezi. Rafiki yake waliyesoma nae sekondari akapata mchumba, furaha tupu, likafunguliwa grupu, admini akaandika tunaenda Nungwi, kule Zanzibar, siku tatu na bibi harusi wetu, nani yupo? Wote wakaandika wapo, na yeye akaandika yupo, ungemtegemea aandike nini mbele ya watu wote na bibi harusi mwenyewe yumo humo humo ndani anasoma? Siku hiyo kulikuwa hakuna bei. Mtu mmoja akatupia tu kwamba haitazidi laki tatu. Ikapita kama mwezi ikaja picha ya vila ina bwawa la kuogelea, ikaja boti ya jioni ya kuangalia jua linazama, akaja mpiga picha na droni, ikaja keki, zikaja sare, halafu ndio bei ikashuka kwenye grupu, dola 340 tu. Imeandikwa hivyo hivyo, na neno tu. Dola wakati huo ilikuwa inacheza kwenye 2,500, piga hesabu, ni laki nane na nusu za kitanzania.

Hapo naomba nisimame kidogo kwenye hiyo dola. Mwaka 2025 mwezi Machi serikali ilitoa kanuni kabisa za kukataza bei za bidhaa na huduma humu nchini kutangazwa kwa hela za kigeni. Sasa mabinti wa Kitanzania, wanaolipwa kwa shilingi, wanaenda kisiwani kwa Watanzania wenzao, mnawatajia bei kwa dola za nini? Mia tatu na arobaini inaonekana ndogo kwenye simu. Laki nane na nusu ingeandikwa kwa shilingi siku ya kwanza nusu ya grupu wangesema ngoja kwanza. Na laki nane na nusu sio hela ndogo nchi hii, kima cha chini cha mshahara serikalini kimepanda kutoka 370,000 kwenda 500,000 kuanzia Julai 2025 na watu walishangilia kweli, sasa wewe unamwambia mtu atoe zaidi ya hiyo kwa siku tatu, na bado hajatoa mchango wa harusi yenyewe, hajanunua zawadi ya kichenpati, hajalipia nywele wala kucha wala usafiri wa kutoka kwake mpaka bandarini.

Huyu binti alijikaza. Akatoa dipoziti laki mbili na nusu kwa sababu adimini alisema hoteli inataka advansi. Mwezi uliofuata mwenye nyumba akaja na notisi kodi inaisha, na mnajua kodi za Dar, wenye nyumba wengi wanataka miezi sita kwa mkupuo. Akakaa akapiga hesabu zake akaona akienda Nungwi atarudi hana pa kulala. Zikiwa zimebaki zaidi ya wiki sita kabla ya safari alimpigia simu bibi harusi, hakuandika kwenye grupu, alipiga simu, akamwambia shoga yangu naomba unisamehe, safari sitaweza, ila kwenye kichenpati nipo, kwenye sendofu nipo, kanisani nipo, na sare zangu ambazo fundi ameshakata nitazilipia. Akaja kwangu akazilipia kweli, zile mbili ambazo mkasi ulikuwa umeshapita, tatu nilikuwa bado sijagusa nikamrudishia kitambaa chake.

Mi naona kama kuna utaratibu wa kiungwana wa kujitoa, ndio huo. Lakini kilichofuata sasa. Skrinshoti zikaanza kuzunguka. Mtu akaweka stetasi ya marafiki wanafiki. Mwingine akasema ana wivu kwa sababu yeye bado hajaolewa, neno ambalo mwanamke akimwambia mwanamke mwenzake kwakweli ni ukatili. Akatolewa kwenye wasimamizi wa bibi harusi, akatolewa kwenye grupu, na ile laki mbili na nusu akaambiwa imekwenda hiyo, ni faini ya kuvuruga mipango. Na kila aliyemuuliza mbona mmemfanyia hivi alijibiwa kwa methali, ahadi ni deni.

Sawa, ahadi ni deni, mimi nimelelewa Tanga kwa methali hiyo na wanangu nimewalea nayo. Ila deni lolote lina kiasi. Mtu hakopeshwi hela bila kuambiwa shingapi. Ukienda kwenye kikoba ukaomba mkopo unaambiwa kiasi, riba, na tarehe ya mwisho, ndio unasaini. Kamati ya harusi yenyewe, pamoja na usumbufu wao wote wa kupigia watu simu usiku, wanakuuliza wewe utaahidi shingapi, unataja mwenyewe kiasi chako, elfu hamsini, laki, laki mbili, na kwenye daftari inaandikwa hiyo hiyo uliyotaja. Huko mtu anadaiwa kitu alichokisema kwa mdomo wake. Kwenye tripu mtu anaahidi kuwepo, kiasi anakuja kuandikiwa na wenzake, halafu anaambiwa ni deni lake. Huyu binti alichokubali ni safari ya laki tatu. Hiyo ya laki nane na nusu hakuwahi kuulizwa.

Na kwa wale wanaopenda sheria, hata nchi yetu inalijua hili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 69, inasema mtu aliyeahidiwa kuolewa au kuoa halafu mwenzie akavunja ahadi anaweza kwenda kudai fidia mahakamani, lakini fidia yenyewe haizidi hasara aliyoipata kweli kwenye gharama alizoingia kwa sababu ya ile ahadi. Na hakuna mahakama itakayomlazimisha mtu afunge ndoa kwa sababu tu aliahidi. Sasa fikirieni jamani, mtu akivunja ahadi ya ndoa yenyewe, ndoa nzima, sheria inasema alipe hasara halisi tu. Nyie mnataka aliyevunja ahadi ya kwenda kuogelea alipe hasara ambayo haipo na jina lake lichafuliwe juu.

Maana hasara haikuwepo. Hebu tuhesabu pamoja, na hii hesabu niliipata kwa wateja wangu wengine waliokwenda safari hiyo hiyo, hakuna aliyeipinga. Walikuwa wasichana nane wa kulipa, bibi harusi wa tisa halipi. Nane mara laki nane na nusu ni milioni sita na laki nane. Huyu alivyojitoa, ndani ya wiki mbili wakampata dada mmoja anayefanya kazi na bibi harusi, akaingia, akalipa laki nane na nusu yake kamili. Kwahiyo bado ni nane, bado ni milioni sita na laki nane, bajeti haijapungua hata shilingi, kitanda hakijalala wazi, boti haijapungua mtu. Ile laki mbili na nusu ni hela ya ziada juu ya bajeti. Ilikwenda wapi? Nilichosikia ni kwamba waliongezea maua na keki ya pili. Kodi ya mtu imegeuka maua ya kupigia picha.

Najua kuna watakaonijibu kwamba mimi natetea watu wasio na msimamo. Hapana. Upande wa pili naujua tena naujua vizuri kwa sababu na mimi wananiumiza. Kuna wanaosema nipo nipo nipo, wananiachia kitambaa, nakata, nashona, hawaji kuchukua, simu hawapokei, gauni linaning'inia dukani kwangu lina jina la bibi harusi ambaye ameshajifungua mtoto wa kwanza. Kuna wanaojitoa asubuhi ya safari, wenzao wako bandarini na mabegi, boti ya saa moja inaondoka, yeye simu imezimwa, na vila imeshalipiwa kwa idadi ya watu. Huyo kaumiza watu. Huyo anadaiwa sehemu yake yote hata kama hakulala pale, kwa sababu kitanda chake kimelipiwa na wenzake na hakuna mtu wa kukijaza saa ile, na akikataa kulipa wana haki ya kumnunia. Vila ikiwa na watu nane wa kulipia, mmoja akitoka bila kupata mbadala, wale saba wanabeba mzigo wake na wenyewe huenda walijibana hivyo hivyo. Hilo nalikubali kabisa wala sibishani nalo.

Kwenye kazi yangu mpaka ni mkasi. Mkasi haujapita, chukua kitambaa chako nenda na Mungu akubariki, hata ungekuwa umekaa kwangu mwezi mzima. Mkasi umepita, lipa. Sioni kwa nini kwenye safari iwe tofauti. Kama hoteli imechukua advansi na hairudishi, na mbadala hajapatikana, hiyo advansi ni ya kwako, iache. Kama tiketi ya boti imekatwa kwa jina lako, hiyo ni ya kwako. Kama bado hakuna kilicholipwa, huna deni, una aibu kidogo tu na aibu inaisha.

Kitu kinachoniuma zaidi ya hiyo laki mbili na nusu ni wale ambao hawakujitoa. Maana wakiona mwenzao kafanywa vile nani atathubutu tena? Mmoja wao, na aliniambia nikiwa nampima kiuno, alikopa kwenye programu ya simu ili amalizie hela ya safari. Mnazijua hizo, kausha damu ya mtandaoni, unajaza jina na namba ya kitambulisho unapata hela dakika tano, ila ikifika siku ya kulipa hujalipa wanatuma meseji kwa kila mtu aliyemo kwenye simu yako, bosi wako, mchungaji wako, mama mkwe, kwamba fulani ni mwizi. Benki Kuu mwezi Novemba 2024 ilitoa orodha ya programu 69 za namna hiyo zinazokopesha bila kibali, lakini mtu mwenye shida na tripu ya Ijumaa haangalii orodha. Huyu dada alikwenda Nungwi, picha zake ni nzuri, amecheka kwenye zote. Aliporudi walianza kumtumia meseji mpaka baba yake kule kijijini. Akaja kuniuliza kama ninaweza kumuuzia zile sare kwa mtu mwingine. Nani anunue nguo ya kulalia iliyoandikwa timu bibi harusi?

Sasa huyu mnamwita rafiki wa kweli kwa sababu alikwenda, na yule aliyelipa kodi yake mkamwita mnafiki.

Mimi sio kwamba napinga watu kufurahi. Zanzibar ni kuzuri, boti masaa mawili umefika, ukishuka pale Malindi unasikia karafuu na unasahau Dar kidogo, na Nungwi bahari yake haina mfano, wenye uwezo waende tena waende na wake zao na watoto wao. Ninachosema ni kwamba zamani kumuaga mwali kulikuwa na nafasi ya kila mtu. Kwetu Tanga siku za singo, yaani kumsugua mwali manukato, na za hina nyumba ilikuwa inajaa, mwenye nazo kaleta doti za khanga na udi, asiyenacho kaja kusaidia kukuna nazi na kukesha akiimba, na usiku ule huwezi kujua nani katoa nini. Hata kichenpati, pamoja na kwamba tumezifanya ghali, bado mtu anaweza kuja na sufuria moja au seti ya vijiko akapokelewa kwa vigelegele kama aliyeleta friji. Tripu haina nafasi hiyo. Ina bei moja, aliyekuwa nayo ni rafiki, asiyekuwa nayo hayumo kwenye picha. Ndio maana inahitaji uangalifu kuliko sherehe zote nyingine, kwa sababu inachuja marafiki kwa hela hata kama hakuna aliyekusudia.

Na bibi harusi, mwanangu, wewe ambaye kila kitu kinafanywa kwa jina lako, usiseme tu kwamba mimi sijui, adimini ndio alipanga. Najua una mengi, una ukumbi, una mapambo, una ndugu wa pande mbili wanaovutana. Ila simu alikupigia wewe. Alikwambia wewe kwa sauti yake kwamba hana. Ungeandika mstari mmoja tu kwenye grupu, jamani fulani ameongea na mimi yameisha, ile kesi ingekufa saa hiyo hiyo, hakuna mtu angeweka stetasi. Ulinyamaza, na wao walichukua kunyamaza kwako kama ruhusa. Ndoa yenyewe sheria inachotaka ni mridhie wenyewe, mtoe notisi siku 21 kabla, na wawepo mashahidi wawili. Mashahidi wenyewe ni hawa hawa marafiki. Siku ukigombana na mwenzio usiku wa manane hutampigia mpiga picha wa droni, utampigia yule uliyesoma nae bweni moja, kama bado anapokea simu yako.

Maadmini na nyie nawaombeni. Bei itajwe kabla ya kuuliza nani yupo, itajwe kwa shilingi, na itajwe yote, sio hoteli leo, sare kesho, boti keshokutwa, zawadi ya pamoja wiki ijayo, mpaka mtu anajikuta yuko ndani ya maji hawezi kurudi. Na kuuliza usiulize hadharani. Mpigie kila mtu peke yake au mwandikie pembeni, mwambie ni kiasi hiki, mwisho wa kukubali ni tarehe fulani, ukisema huwezi hakuna atakayejua isipokuwa mimi. Utaona idadi inapungua, ni kweli, labda mtabaki wanne. Basi wanne waende, au safari ishuke bei iwafae wote. Kisiwa cha Mbudya kipo hapo hapo, unapanda boti Kunduchi asubuhi unakula samaki wa kuchoma unaogelea unarudi jioni kila mtu analala kwake. Bagamoyo ipo, sio mbali kivile kutoka Dar, kuna hoteli za ufukweni za bei ya kawaida na magofu ya Kaole kama mnataka picha. Kigamboni hapo unavuka tu. Bibi harusi anayewapenda wenzake atafurahi Mbudya.

Halafu hela ya watu iandikwe. Mimi ni fundi tu lakini daftari langu linaonyesha nani katoa advansi shingapi na kitambaa chake kiko wapi. Mtu anakusanya milioni sita na laki nane kwenye namba yake ya simu binafsi, hakuna daftari, hakuna risiti ya hoteli iliyowekwa kwenye grupu, mkirudi hakuna anayejua kilichobaki. Vikoba vya akina mama wasiokuwa na digrii hata moja vinasoma mahesabu mbele ya wanachama kila wiki, nyie mna digrii mbili mbili mnaona aibu kuulizana?

Na wewe binti ambaye sasa hivi umeshasema nipo na moyo wako unajua kwamba hutaweza, sema leo. Usisubiri muujiza wa mshahara, usisubiri mtu mwingine ajitoe kwanza ili ujifiche nyuma yake. Mpigie bibi harusi, usimtumie meseji ndefu ya kujitetea, wala usimtungie msiba au ugonjwa wa bibi, maana uongo ndio utakaokuvunjia urafiki hata zaidi ya kujitoa kwenyewe. Sema sina, sema nimepanga hela kwa kitu kingine ambacho siwezi kukiacha. Uliza kilicholipwa kwa ajili yangu ni kipi, nionyesheni nilipe, tena msaidie kutafuta mtu wa kujaza nafasi. Halafu kwenye sherehe zile nyingine nenda, nenda mapema, beba sahani, pokea wageni, usijifungie ndani kwa aibu. Kwa yule mteja wangu mimi nilimshauri hivyo na alikwenda kwenye kichenpati, alivaa gauni lake la sare nililomshonea, alikaa meza ya nyuma na hakuna aliyemsemesha mpaka mama mzazi wa bibi harusi alipomuona akamvuta mbele kwa mkono. Mama huyo alikuwa hajui chochote kuhusu grupu wala laki mbili na nusu. Alikuwa anamjua huyu binti tangu yuko fomu wani anakuja kula ubwabwa kwake.

Kwahiyo mama huyo kama analisoma gazeti hili, na wale mabinti nane ambao najua angalau watatu wenu mnalisoma kwa sababu mnaliona hapa mezani kwangu mkija kupima, naomba lifanyike hivi. Itisheni mahesabu ya ile safari. Kiasi kilichokusanywa kinajulikana, aliyejaza nafasi anajulikana na alilipa kamili, laki mbili na nusu ya mwenzenu haikuwa na kazi kwenye bajeti. Mkigawana watu nane ni elfu thelathini na moja na mia mbili hamsini kila mtu. Mtumieni kwenye simu yake, namba mnayo hata kama mlimbloki. Kodi alilipa kwa kukopa kwenye kikoba cha mama yake, na rejesho lake linaangukia mwisho wa mwezi huu.

Fundi wa nguo,
Tabata, Dar es Salaam